Safari ya Kwanza ya Basi Katika Nchi za Ulaya

(Somo hili lilisomwa katika redio. Limechapwa hapa ili wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wapate kulisoma tena polepole, pamoja na mwalimu wao au peke yao.)

Kila aliye na karatasi yake na aiweke mbele yake, maana leo tutasoma ratiba ya safari, na ratiba haieleweki vizuri kwa masikio tu. Inataka macho na kidole.

Habari yetu ni hii. Kila mwaka majira ya joto yanapofika Ulaya, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti, watu wengi sana huacha kazi zao kwa siku chache wakaenda kutembea. Wengine huenda pwani kuoga. Wengine hupanda basi kubwa pamoja na watu wasiowajua, wakazunguka nchi tano au sita, na kila kitu kimepangwa tangu mwanzo: mahali pa kulala, chakula, njia, na saa ya kuondoka. Ndani ya basi kuna dereva, na kuna mtu mwingine ambaye kazi yake ni kuwaongoza abiria. Huyu tutamwita kiongozi. Safari za namna hii zina sifa mbaya kwa watu wenye majivuno. Husema kwamba ni safari za kondoo. Mimi sikubaliani nao. Mtu asiyejua lugha za kigeni, asiye na fedha nyingi, na ambaye miguu yake imechoka, angezionaje nchi hizo kwa njia nyingine?

Tuchukue mfano. Tuseme kuna mtu na mkewe huko kaskazini ya Uingereza. Bwana ana miaka 71. Alikuwa fundi wa mabomba ya maji, sasa amestaafu. Bibi ana miaka 68; alipika chakula cha watoto shuleni muda wa miaka mingi. Hawajavuka bahari hata siku moja. Bwana ana ugonjwa wa moyo, si mkali, lakini humeza vidonge kila asubuhi na kila jioni. Katika jiko la shule ile palikuwa na picha ukutani, picha ya kanisa kuu la mji wa Florence katika nchi ya Italia, lenye kuba kubwa jekundu. Bibi aliitazama picha ile kila siku akimenya viazi. Basi walipopata fedha kidogo akamwambia mumewe, "Nataka kupanda juu ya lile kuba kabla miguu yangu haijakataa."

Jambo la kwanza lilikuwa fedha. Safari kama hii hulipiwa mapema. Kwanza hutolewa arbuni, na fedha zote zilizobaki hulipwa wiki kadhaa kabla ya siku ya kuondoka. Maana yake ni kwamba abiria anampa mtu mwingine akiba yake naye hajapata chochote ila karatasi. Je, kampuni ikifilisika?

Swali hili si la mchezo. Mtu aliyeanzisha biashara ya safari za kupangwa aliitwa Thomas Cook, naye alikuwa seremala na mhubiri. Tarehe 5 Julai, 1841, aliwachukua watu kama 500 kwa gari moshi kutoka mji wa Leicester mpaka Loughborough, kwa shilingi moja kila mtu, kwenda kwenye mkutano wa watu waliokuwa wakipinga ulevi. Mwaka 1855 akaanza kuwapeleka Waingereza katika nchi za ng'ambo za Ulaya. Kampuni yenye jina lake iliendelea kwa miaka 178. Kisha, tarehe 23 Septemba, 2019, ikaanguka kwa siku moja. Waingereza kama 150,000 walikuwa ng'ambo siku ile, na serikali yao ilikodi ndege kuwarudisha.

Kwa sababu ya mambo ya namna hii, nchi za Ulaya zilitunga sheria tangu mwaka 1990, na ikafanywa upya mwaka 2015, kwamba mwenye kuuza safari nzima, yaani usafiri na malazi pamoja, lazima aweke dhamana. Akifilisika, dhamana hiyo huwarudishia wateja fedha zao, au huwarudisha kwao kama wamekwisha kuondoka. Uingereza nayo ina kanuni zake za mwaka 1992, zilizofanywa upya mwaka 2018. Kwa hiyo Bibi wetu, kabla ya kutoa hata senti moja, aliuliza swali moja tu: "Dhamana yenu iko wapi, na imeandikwa kwa jina la nani?" Alipoonyeshwa hati, akaisoma. Hakuisoma kwa haraka. Aliisoma mpaka chini, hata yale maandishi madogo.

Pili ni pasipoti. Wengi mmepata kusikia neno Schengen. Ni jina la kijiji kidogo katika nchi ya Luxembourg, kando ya mto. Hapo, tarehe 14 Juni, 1985, nchi tano zilitia sahihi mapatano ya kuondoa ukaguzi wa pasipoti katika mipaka baina yao. Ukaguzi uliondolewa mwaka 1995, na leo nchi 29 zimo. Ndiyo maana basi laweza kutoka Ubelgiji likaingia Ujerumani, abiria wasijue kwamba wamevuka mpaka ila kwa kuona kibao cha njiani. Pengine polisi husimamisha magari na kutazama pasipoti, lakini hiyo si desturi ya kila siku. Uingereza haimo katika mapatano hayo, tena ilijitoa katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 2020. Kwa hiyo Mwingereza akiingia huko ni mgeni. Hawezi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, na pasipoti yake isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 kabla ya siku ya kuingia. Tangu Oktoba 2025 wageni wa namna yake wameanza kupigwa picha ya uso na kuchukuliwa alama za vidole mpakani. Bwana alipotoa pasipoti yake sandukuni alikuta ni mpya kabisa. Haikuwa imefunguliwa hata mara moja.

Sasa tuingie ndani ya basi. Lina viti kama 50, na kila kiti kina mkanda, na mkanda lazima ufungwe. Masanduku huwekwa chini, tumboni mwa basi, sanduku moja kwa kila mtu. Dawa haziwekwi huko kamwe. Dawa hukaa katika mkoba wa mkononi, kwa kuwa tumbo la basi hupata joto kali, na halifunguliwi mpaka jioni. Katika safari nyingi abiria hubadilishana viti kila siku, ili wa nyuma wapate zamu ya kukaa mbele. Hili ni jambo dogo, lakini huzuia ugomvi mwingi.

Basi letu lilitoka London asubuhi likafika Dover, likapanda meli ya kuvusha magari. Meli huchukua kama saa moja na nusu kufika Calais, nchi ya Ufaransa. Mabasi mengine hupita chini ya bahari: huingizwa ndani ya gari moshi, na gari moshi hupita katika njia iliyotobolewa chini ya maji, yenye urefu wa kilomita 50, iliyofunguliwa mwaka 1994. Ni dakika 35 tu. Lakini huko chini huoni kitu.

Walipofika Calais kiongozi alisema, "Mabibi na mabwana, sogezeni saa zenu mbele kwa saa moja." Wengi wakasogeza. Bwana alisema atasogeza baadaye, na Bibi akaichukua saa ile mkononi mwake akaisogeza mwenyewe.

Hapa natutazame habari ya saa. Katika Ulaya hawahesabu saa kama sisi. Wao huanza kuhesabu usiku wa manane, na katika ratiba huendelea moja kwa moja mpaka 24. Sisi huanza jua likichomoza. Basi mkiona ratiba yao, namba ya kutoa ni 6. Wao wakiandika 07.00, toeni 6, inabaki saa 1 asubuhi. Wakiandika 13.00, toeni 6, inabaki saa 7 mchana. Kuanzia 19.00 toeni 18. Hivyo 20.00 ni saa 2 usiku. Jambo lingine la kushangaza ni kwamba katika majira ya joto jua la huko haliendi kulala mapema. Mjini Paris, mwishoni mwa Juni, hutua karibu saa 4 usiku. Mtu huweza kudhani ni alasiri kumbe ni wakati wa kulala. Watu wengi huchelewa basi kwa sababu hiyo tu.

Sasa someni pamoja nami. Hii ndiyo karatasi waliyopewa kwa siku ya sita.

SIKU YA 6: VENICE – FLORENCE – MONTECATINI
06.00 Masanduku yawe nje ya mlango wa chumba
06.15 Chakula cha asubuhi
07.00 Basi kuondoka
11.00 Kufika Florence. Matembezi pamoja na mwelezaji wa mji
13.00 Muda huru
18.30 Basi kuondoka. HAKUNA KUNGOJA
19.30 Kufika hotelini, Montecatini
20.15 Chakula cha jioni

Tazameni mstari wa sita. Maneno mawili ya mwisho yameandikwa kwa herufi kubwa. Kwa nini? Wengi hudhani kwamba ni ukali wa kiongozi. Sivyo. Ni sheria, na sheria hii ndiyo inayoendesha safari nzima, ingawa abiria hawaioni.

Katika basi kuna chombo kinachoitwa takografu. Dereva huingiza humo kadi yake, na chombo huandika kila dakika anayoendesha na kila dakika anayopumzika. Polisi huweza kulisimamisha basi mahali popote wakaisoma kadi ile. Sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 2006 husema kwamba dereva akiendesha kwa saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45. Kwa siku moja asiendeshe zaidi ya saa 9, ila mara mbili kwa wiki aweza kufikisha 10. Na katika kila saa 24 lazima apate saa 11 za kupumzika mfululizo. Kwa kawaida hupaswa kupumzika siku nzima na zaidi baada ya siku sita za kazi, lakini katika safari ya watalii ya nchi za nje huruhusiwa kuendelea hadi siku 12. Ndiyo sababu mojawapo ya kuwa safari nyingi kama hizi ni za siku 10 au 11.

Fanyeni hesabu hii. Siku ina saa 24. Toa 11 za kupumzika, zinabaki 13. Dereva aliyeanza kazi saa 1 asubuhi lazima amalize saa 2 usiku. Haidhuru kama mchana alikaa kivulini akila mkate. Saa ya mwanzo ni ile ile. Ikiwa basi litaondoka Florence saa 12 na nusu jioni, litafika hotelini saa 1 na nusu, na nusu saa iliyobaki ni ya kushusha masanduku, kuegesha, na kufagia ndani. Tena kesho yake ataondoka saa 1 asubuhi. Kutoka saa 2 usiku mpaka saa 1 asubuhi ni saa ngapi? Ni 11 kamili. Hakuna nafasi hata ya kuingiza kidole. Sheria humruhusu kupunguza mapumziko yawe saa 9, lakini kwa mara tatu tu, na dereva mwenye akili huziweka mara hizo kwa ajili ya foleni na mvua za milimani. Hazitumii kwa abiria aliyesahau saa akinunua mkoba.

Natupite haraka katika siku za kwanza. Katika mji wa Brussels walionyeshwa sanamu mashuhuri ya mtoto anayekojoa. Watu walicheka, kwa kuwa urefu wake ni sentimita 55 na nusu tu, na wengi walikuwa wakiitafuta juu huku iko mbele yao. Katika Ujerumani walipanda mashua katika mto Rhine, wakapita chini ya magenge na ngome za zamani. Njiani walijifunza kubeba sarafu daima, maana vyoo vingi vya barabara kuu hulipiwa. Halafu walifika Innsbruck katika Austria, wakapanda milima kwa daraja liitwalo Daraja la Ulaya, lililojengwa mwaka 1963, ambalo kutoka juu mpaka chini bondeni ni mita 190. Bwana, ambaye alikuwa fundi, alilitazama kwa kimya kirefu. Kisha wakavuka pito la Brenner, mita 1,370 juu ya bahari, wakateremka Italia.

Huko joto liliwapokea. Hapa lazima niseme neno juu ya joto. Sisi twalijua jua, lakini joto la Ulaya huua. Mwaka 2003, katika Ufaransa peke yake, watu kama 15,000 walikufa kwa joto la mwezi wa Agosti, na wengi wao walikuwa wazee. Mwaka 2019, tarehe 25 Julai, mjini Paris palipimwa nyuzi 42.6. Nyumba nyingi za huko zilijengwa ili kuzuia baridi, hazikujengwa kutoa joto, wala si kila hoteli ina mashine ya kupoza hewa. Ndani ya basi ni baridi kama jokofuni, nje ni tanuri. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo akitoka huku na kuingia kule mara kumi kwa siku, mwili wake huchoka sana. Daktari alikuwa amemwambia Bwana anywe maji kabla ya kusikia kiu, na asipande ngazi ndefu jua likiwa kali.

Venice wameisikia wengi, mji uliojengwa juu ya maji. Basi huvuka daraja la karibu kilomita 4, lililofunguliwa kwa magari mwaka 1933, na hapo ndipo mwisho wa barabara. Kutoka hapo ni mashua na miguu. Kiongozi aliwapa kila mtu kichombo kidogo cha kuvaa shingoni na kisikizio cha sikioni, na aliponena polepole katika kipaza sauti chake, wote wakamsikia hata waliokuwa mbali. Kisha akawagawa makundi mawili. Wengine walinung'unika, lakini mji ule tangu mwaka 2024 haupokei kundi la watalii linalozidi watu 25, wala hauruhusu vipaza sauti vya kupiga kelele njiani. Wenyeji wamechoka, nao wana haki. Watu wanaolala katika mji wa zamani sasa ni wachache kuliko wageni wanaopita mchana.

Ikafika siku ya sita, ile tuliyoisoma katika karatasi.

Mabasi makubwa hayaingii katikati ya Florence. Abiria hushushwa pembeni, wakatembea. Mwelezaji wa mji aliwangoja. Huyu ni mtu mwingine, mwenye kibali cha serikali ya Italia, maana huko kueleza habari za mahali pa kale ni kazi yenye mtihani wake na leseni yake. Akawaonyesha daraja la zamani lenye maduka ya wafua dhahabu, lililojengwa mwaka 1345. Akawapeleka mbele ya kanisa kuu. Na lile kuba hapo juu, jekundu, lilikuwa kubwa kuliko picha yoyote.

Aliyelijenga aliitwa Filippo Brunelleschi. Kazi ilianza mwaka 1420, kuba likafungwa mwaka 1436. Ajabu yake ni kwamba halikujengwa juu ya jukwaa la miti kutoka chini. Mti wa kutosha ungetoka wapi? Alijenga kuba mbili, moja ndani ya nyingine, na matofali akayapanga kwa mshazari kama mifupa ya samaki, kila mstari ukishika ule uliotangulia usianguke. Bwana alielewa jambo hili upesi kuliko wote akamweleza mkewe kwa vidole. Baina ya kuba hizo mbili ndimo zinamopita ngazi. Ni ngazi 463, nyembamba, na hakuna mashine ya kupandisha watu.

Kupanda huko lazima uwe na tikiti yenye saa yake, na tikiti huisha siku nyingi kabla. Bibi alikuwa amenunua moja tangu alipokuwa kwao, na saa pekee iliyokuwa imebaki siku ile ni 17.00, yaani saa 11 jioni. Hesabu yake ilikuwa nzuri: saa 11 kupanda, saa 12 kuwa chini, dakika 25 kutembea mpaka kwenye basi. Inabaki akiba ya dakika tano. Watu hawa wawili walikuwa hawajatengana katika mji mgeni hata mara moja, kwa kuwa walikuwa hawajawahi kuwa katika mji mgeni. Bwana alisema, "Nenda. Mimi nitakungoja kwenye basi kivulini. Nikipanda mimi, utakuja kunishusha kwa machela."

Lakini mlangoni foleni ilichelewa kwa dakika 20. Bibi aliweza kuondoka hapo, na pengine mtu mwingine angeondoka. Yeye alipanda.

Saa 12 na nusu jioni kiongozi akahesabu vichwa: 47. Walipaswa kuwa 48. Akangoja dakika tano, akangoja kumi. Simu ya Bibi haikujibu. Katikati ya kuta nene za mawe simu hazishiki. Watu wengine ndani ya basi walianza kutazamana. Dereva hakusema kitu, alionyesha tu kile chombo chake kwa kidole. Ndipo kiongozi akamwendea Bwana akamwambia taratibu, "Mzee, lazima tuondoke. Una njia mbili. Uende nasi, naye nitamwachia maneno katika simu. Au ubaki."

Bwana akachukua mkoba wake wenye dawa akashuka.

Nimesikia watu wakibishana juu ya jambo kama hili. Wengine husema kiongozi hana huruma. Wengine husema mke alikosa adabu kwa watu 47. Maoni yangu ni kwamba kila mmoja alifanya lililompasa. Kiongozi hakuwaacha hivi hivi. Kabla ya kufunga mlango alimpa Bwana kadi ya hoteli yenye anwani na namba ya simu, akaandika nyuma yake maneno manne ya Kiitalia ya kuonyesha katika dirisha la tikiti, akamwelekeza stesheni ya gari moshi, na kumwonya jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui: katika Italia tikiti ya karatasi ya gari moshi la mikoani lazima ipigwe mhuri katika mashine ndogo iliyo kituoni kabla ya kupanda. Asiyepiga mhuri hutozwa faini hata kama amelipa.

Bibi alifika saa 12 na dakika 45, akitweta, uso mwekundu. Alimkuta mumewe amekaa peke yake juu ya ukuta mfupi, na mahali pa basi pako wazi. Bwana hakumgombeza. Alimpa chupa ya maji, akamwuliza, "Umeyaona yale matofali?"

Gari moshi la kwenda Montecatini lilichukua karibu saa nzima, likisimama katika vituo vidogo vidogo. Jua lilikuwa bado halijatua. Walifika wakati wenzao wanamaliza supu, na kiongozi alikuwa amewawekea chakula. Mtu mmoja alipiga makofi, wengine wakafuata. Mama mmoja hakupiga. Alikuwa bado na hasira, na Bibi alimwendea kumwomba radhi yeye kwanza.

Siku ya saba ilionyesha kwa nini dereva alizishika saa zake. Kutoka Montecatini mpaka mji wa Lucerne katika Uswisi ni zaidi ya kilomita 500. Katikati kuna mlima Gotthard, na njia ya magari iliyotobolewa ndani yake mwaka 1980 ina urefu wa karibu kilomita 17. Katika majira ya joto magari husimama foleni kwa muda mrefu kabla ya kuingia. Kukaa katika foleni injini ikiunguruma na basi likisogea kidogo kidogo huhesabiwa kuwa ni kuendesha. Siku ile walifika na dakika chache tu za akiba. Kama dereva angelala kwa saa tisa badala ya 11, ni yeye yule angekuwa usukani ndani ya mlima ule. Njia nyingine kama hiyo, ya mlima Mont Blanc, iliwaka moto mwaka 1999 na watu 39 wakafa. Chanzo kilikuwa lori, si usingizi wa dereva, lakini tangu hapo hakuna dereva wa milimani anayeingia shimoni bila kufikiri.

Uswisi hawatumii yuro kama Italia na Ufaransa; wana faranga zao, na vitu ni ghali mno. Bibi na Bwana walikula mkate na jibini kando ya ziwa, wakatembea juu ya daraja la mbao la zamani ambalo liliungua mwaka 1993 likajengwa tena. Paris ilikuwa ya mwisho. Waliona kanisa la Notre-Dame, lililoungua tarehe 15 Aprili, 2019, na kufunguliwa tena Desemba 2024, mawe yake meupe kama yaliyooshwa jana. Bwana alihifadhi pumzi yake, hakupanda Mnara wa Eiffel. Aliutazama kutoka benchini akahesabu misumari mpaka akachoka.

Usiku wa mwisho ni desturi kutoa bakshishi kwa dereva na kiongozi, katika bahasha, kila mtu kadiri awezavyo. Bwana alitengeneza bahasha mbili. Ya dereva ilikuwa nene zaidi.

Kabla ya kufika Calais waligawiwa karatasi ya maoni yenye maswali mengi na visanduku vya kutia alama. Swali moja liliuliza kama muda huru mjini Florence ulitosha. Bibi hakutia alama popote. Aliandika pembeni kwa mkono wake: "Ulipungua dakika kumi na tano." Kisha akarudisha saa ya mumewe nyuma kwa saa moja.

Kwaherini mpaka wiki ijayo, saa hii hii.